Vigae Visivyoteleza

Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, duka la vifaa vya ujenzi la Makutano, mjini Meru, lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Waliokuja kununua misumari walisukumana na waliobeba mabati, wapakiaji wakapiga mbinja watu wapishe, na katikati ya vurugu hiyo yote Karwirwa alikuwa amechuchumaa, rinda lake la kitenge cha buluu amelikusanya magotini, akimwaga uji wa wimbi juu ya kigae.

Uji alikuwa ameubeba kwa chupa kutoka nyumbani kwake Kanyakine. Katika mkoba alikuwa pia na udongo mwekundu wa shambani na kitambaa. Alipaka, akangoja kidogo, akapangusa, kisha akainama karibu kabisa kuona kama doa limebaki. Mukiri, muuzaji wa duka hilo, alisimama kando mikono kiunoni bila kujua kama amfukuze au amsaidie.

Karwirwa hakuona haya. Alikuwa na kibanda cha kushona sare za shule pale Nkubu, na nyumba aliyokuwa akijenga kwenye kipande cha shamba alichopewa na babake ilikuwa tayari imeezekwa na kuwekwa madirisha. Ilibaki sakafu. Koome, mwanawe mdogo, alikuwa na kifua kibaya. Vumbi likimpata alikohoa hadi midomo ikabadilika rangi. Daktari alikuwa amemwambia aondoe zulia, apunguze vumbi, na akiweza aondoe mbwa. Zulia liliondoka siku hiyohiyo. Mbwa, Popi, alikuwa wa Kendi, dada yake Koome, aliyemlea tangu akiwa kitoto kisichofungua macho, na Kendi alikuwa ametangaza kwamba Popi akitoka naye atatoka. Kwa hivyo mama mtu alitaka sakafu ya kupigwa deki mara moja ikatakata, isiyoficha manyoya wala kufyonza uji wa mtoto na mkojo wa mbwa.

Kando yake mwanamume mmoja alimwagia kigae kingine maji, akavua kiatu, akakanyaga kwa soksi na kuanza kujisukuma huku na huku. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, shati lake jeupe limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ikasimama. Aliteleza. Akamshika Karwirwa bega asianguke, na chupa ya uji ikamwagikia suruali yake ya kaki.

"Samahani, mama," akasema kwa utulivu, akiitazama suruali. "Angalau tumejua hicho hakifai."

Karwirwa alitaka kukasirika, akacheka. Akampa kitambaa. Alimsemesha kwa Kimeru, naye akajibu kwa Kiembu, kila mmoja akamcheka mwenzake matamshi, wakakutana kwenye Kiswahili. Jina lake Munyi, mpima ardhi kutoka Embu, na kazi ilimleta Meru mara kwa mara. Walibishana pale chini kama watu waliojuana tangu utotoni. Yeye alitaka kigae chenye uso mkavumkavu kisichoteleza. Karwirwa akasema hicho kitashika uchafu na kumchosha mtu mgongo kwa kusugua. Karwirwa alisifu kinachong'aa; Munyi akasema mtoto mmoja akikimbia juu yake na miguu yenye maji, utakuwa hospitalini. Mwishowe Mukiri akawatolea kimoja cha kijivu, kisichong'aa sana wala kukwaruza, nao wakakubaliana kwamba huyo Mukiri angekitoa mapema wangeshaenda nyumbani.

"Una watoto wangapi?" Karwirwa akamuuliza.

"Sina. Naishi peke yangu."

Lakini muda mfupi baadaye alimsikia akimwambia Mukiri kwamba mianya kati ya vigae iwe myembamba, kwa sababu kwao paka ana tabia ya kukojoa pembeni na watoto hawasemi. Neno hilo, kwao, lilimwingia Karwirwa sikioni na kukaa. Mtu anayeishi peke yake, watoto gani hao wasiosema?

Alikuwa na sababu ya kusikia namna hiyo. Kiogora, mume aliyemzalia watoto wake, alikuwa na nyumba nyingine Isiolo kwa miaka, na Karwirwa aliijua kupitia sweta. Aliikuta chini ya kiti cha gari, sweta ya shule ya mtoto, rangi ambazo yeye, mshonaji wa sare, hakuwahi kuzishona. Kiogora alisema ni hadithi ndefu. Ilikuwa fupi tu, na iliishia Kiogora akihamia Isiolo kabisa.

Hata hivyo, Munyi alipomwomba namba ya simu, alimpa. Hakujielewa kwa nini. Simu ikalia kabla hajafika Nkubu.

"Nimeulizwa na watu wote barabarani ni ugonjwa gani umenimwagikia suruali," Munyi akasema.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia ni mwanamke wa Kanyakine. Wamenipa pole."

Basi ikaanza hivyo. Alimpigia asubuhi akifungua kibanda na mchana akila, akamwita mrembo wa uji, naye Karwirwa akamwita bwana soksi. Mashine ya kushona ilikimbia na simu imebanwa kati ya sikio na bega, na wanafunzi wengine walipata sare zenye mfuko upande usiofaa. Kazi ikimfikisha South Imenti, Munyi alipitia Kanyakine na mfuko wa maembe ya Mbeere, akaketi kwenye kigoda nje ya nyumba isiyo na sakafu, watoto wakimpanda mabegani.

Hapo ndipo shaka ilipoanza kunenepa. Munyi alimpangusa Koome kamasi kwa mkono mmoja bila kukatiza mazungumzo. Siku moja Kendi alirudi na ubani wa kutafuna umenata nyweleni, Karwirwa akatafuta makasi, Munyi akaomba mafuta ya kupikia, akautoa wote bila unywele kukatika. Cicily, rafiki wa Karwirwa aliyeuza mboga mkabala na kibanda chake, alikuwepo siku hiyo. Walipobaki wawili akasema, akichambua mboga zake polepole, kwamba huyo mtu amelea. Kijana asiye na mtoto hajui mambo ya mafuta ya kupikia.

Karwirwa akaanza kuhesabu mengine. Munyi hakupokea simu mbele yake. Alienda nayo hadi migombani. Jumapili hakupatikana kabisa. Sauti za watoto zikisikika nyuma yake, alisema ni za jirani, ila jirani gani watoto wake wanalilia mlangoni pako kila jioni? Naye alipomwambia angependa kuona Embu, Munyi alisema wasubiri, mafundi wanaweka vigae. Baadaye ikawa ni vumbi la mafundi. Baadaye tena ikawa gundi haijakauka.

"Gundi gani hiyo, mpenzi?" akamuuliza. "Hata saruji ya daraja ingekuwa imeshakauka."

Munyi alicheka, lakini alichelewa kidogo kucheka.

Aliyeuvua ukweli kitambaa ni Mukiri, wala hakukusudia. Karwirwa alikuwa amekwenda kuchukua vigae vyake vya kijivu, na Mukiri, akipakia maboksi, akamsimulia kwamba yule mpima ardhi alirudi kununua vilevile, safari hiyo na mkewe. Mama mpole sana, anaitwa Ednah. Yeye ndiye aliyechagua rangi.

Karwirwa alisimama kando ya maboksi yake akapiga simu papo hapo. Ilipokelewa na msichana mdogo.

"Baba anapiga deki," sauti ikasema. "Nimwite mama?"

Alikata. Munyi alipopiga, alimruhusu aseme jina lake tu.

"Ednah ni nani?"

Nyuma ya Munyi ndoo iligonga sakafu.

"Ni hadithi ndefu," Munyi akasema. "Nitakuja nikueleze vizuri."

"Hiyo nimeshasimuliwa," Karwirwa akajibu, akaizima simu.

Hakuipokea tena. Munyi alipiga, akaandika ujumbe, akamtuma hata Cicily, ambaye alimwambia atafute mtu mwingine wa kutuma. Vigae vilibaki kwenye maboksi ukutani. Fundi Mwongera alikuja na vifaa vyake, akaambiwa arudi wiki nyingine, kisha nyingine tena. Kila Karwirwa alipoyatazama maboksi hayo alimwona Munyi amesimama kwa soksi moja, naye hakutaka kukanyaga kumbukumbu hiyo kila asubuhi ya maisha yake.

Lakini saruji tupu hutoa vumbi, ufagie usifagie. Koome akalemewa. Mara hii alilazwa, akawekewa mvuke wa dawa puani, na Karwirwa akakaa kando ya kitanda akitazama mbavu ndogo zikipanda na kushuka. Hakuna aliyemlaumu. Alijilaumu mwenyewe kwamba hasira yake kwa mtu mzima ilikuwa imemkalia mtoto kifuani. Waliporuhusiwa kutoka, alimpigia Mwongera aje aanze kazi Jumamosi. Kisha akamwachia Cicily watoto, akavaa sketi yake nyeusi na blauzi ya rangi ya maziwa aliyoishona kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, akaenda Embu. Hakutaka kurudiana. Alitaka kuona kwa macho yake, kwa sababu Isiolo hakuenda kamwe, na hilo la kutoona lilikuwa limemsumbua kuliko hata kuachwa.

Alijua tu kwamba Munyi anaishi upande wa Kangaru. Akauliza dukani nyumba ya Munyi mpima ardhi. Mwenye duka akamwonyesha lango la kijani, akisema, kwa Mama Wanja pale.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa umri wake, rinda la maua, kitambaa cheupe kichwani, na gongo kwapani. Mguu wake wa kulia ulikuwa umenyooka kama mti. Nyuma yake sakafu ilikuwa vigae vya kijivu, vimepigwa deki, vimekauka vizuri. Wakatazamana.

"Wewe ndiye Karwirwa wa uji," mwanamke akasema. "Mimi ni Ednah. Ingia, nisisimame sana."

Karwirwa aliingia, lakini macho yake yaliingia kabla yake. Alitazama viatu mlangoni, ni vya nani vimelala kando ya vya nani. Alitazama picha ukutani: Ednah kwa gauni la harusi, na kando yake mwanamume aliyefanana sana na Munyi, ila mnene, mwenye pengo.

Huyo, Ednah akasema, ni Njuki, kaka yake Munyi. Walipata ajali wakitoka Mbeere. Njuki akafa palepale, yeye akapona na mguu usiokunjika. Walikuwa na watoto watatu. Munyi aliwachukua wote, na yule mdogo alipoanza kusema, alimwita Munyi Baba kwa sababu hakuwahi kuona mwingine. Wakubwa wakamfuata. Mama yake Munyi akafurahi, akasema basi iwe kweli, Munyi amwoe Ednah, wajukuu wasitawanyike. Ednah alikataa mbele ya mama mkwe, tena kwa sauti. Munyi hakukataa wala hakukubali. Alinyamaza.

"Alileta mwanamke mmoja hapa kabla yako," Ednah akaendelea. "Alinikuta nimelala kitini, watoto wakamwita Munyi Baba. Hata hakuketi. Tangu siku hiyo anatuficha."

"Nawe hukasiriki?"

"Nakasirika. Nani anapenda kufichwa? Lakini nilipoanguka kwenye ile sakafu ya zamani, ndiye aliyenibeba, na ndiye aliyezunguka Meru nzima kutafuta vigae visivyoteleza."

Hadithi ilikuwa nzuri, na hadithi nzuri alikuwa ameshazisikia. Akaomba kuonyeshwa choo. Ednah akamtazama, akatabasamu kidogo, bila furaha.

"Chumba chake ni kile cha nje, karibu na tangi," akasema. "Hakijafungwa. Nenda uangalie, hutanikosea. Hata mimi ningeangalia."

Akaenda. Aliona aibu na akaenda hivyohivyo. Kitanda kimoja chembamba, shati jeupe kwenye hanga, ramani zimekunjwa juu ya meza, jozi moja ya viatu. Alisimama pale akinusa hewa ya chumba hicho, wino na sabuni ya kufulia, na kitu fulani kikalegea ndani yake. Alipogeuka, Munyi alikuwa ameingia langoni, mkono mmoja ameshikwa na mtoto mdogo. Alimwona alikotokea, na hakuuliza.

"Sasa umejua," Munyi akasema.

"Nimejua kwa kupeleleza. Wewe hukuniambia."

"Niliogopa utaondoka."

"Niliondoka vilevile." Alizungumza polepole ili mtoto asishtuke. "Sikuja kukataa watoto, Munyi. Mimi mwenyewe nina wawili na mbwa. Mama yako umemnyamazia, mimi umeninyamazia, na Ednah unamfungia nyumbani kama kosa. Ni nani katika sisi watatu umewahi kumwambia neno lililonyooka?"

Karwirwa akamwambia kwaheri Ednah, akamshika mtoto kichwa, akashika njia.

Jumamosi Mwongera alifika na msaidizi na kuanza kupanga vigae kutoka chumba cha watoto kuelekea mlangoni. Kufikia saa sita mchana sebule ilikuwa imejaa vigae vibichi, mlango umezibwa kwa ubao, na familia nzima imehamia nje kwenye nyasi. Karwirwa alikuwa amejifunga leso juu ya rinda kuukuu, vumbi la saruji kwenye nyusi, akimpikia fundi githeri ya mahindi na maharagwe, pikapu ilipoingia uani.

Munyi alishuka upande wa dereva, amevaa koti na tai katika jua hilo. Akazunguka, akamshusha Ednah, akamshikia gongo. Watoto watatu wakaruka kutoka nyuma. Popi, ambaye hakuwa amewahi kuona watoto wengi hivyo kwa pamoja, alibweka, akaruka ubao, akakimbia katikati ya sebule juu ya vigae vibichi hadi upande wa pili, kisha akarudi alikotoka kwa sababu hakukuwa na mlango mwingine. Mwongera alimtupia ndara. Kendi alimfuata akilia kwamba asipigwe, na Wanja, yule msichana wa simu, akamfuata Kendi, na kabla watu wazima hawajasalimiana, watoto walikuwa wamemkamata mbwa pamoja na kumfunga kwenye mti wa parachichi.

Karwirwa alipangusa mikono. Alimkaribisha Ednah kwenye kiti chenye mgongo. Munyi hakuambiwa aketi.

"Nimekuja kukuomba unioe," Munyi akasema, kisha akajirekebisha, amechanganyikiwa, "nikuoe. Nimekuja na watu wangu ili usiulize tena ni akina nani."

Cicily, aliyekuwa akimenya ndizi, alitazama chini ili asicheke.

"Mama yako anajua uko hapa?" Karwirwa akauliza.

Munyi akatikisa kichwa.

"Mpigie," akasema. "Hapa. Weka sauti juu, sote tusikie. Ukimwambia yeye, mimi nitakusikiliza."

Munyi alimtazama Ednah. Ednah alikuwa akitazama watoto. Munyi akatoa simu mfukoni, akalegeza tai, akapiga. Sauti ya mama mzee ikatoka, kuku wakilia nyuma yake, ikamuuliza kama amekula. Akasema hajala. Kisha, kwa Kiembu, polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akamwambia kwamba hatamwoa Ednah. Ni dada yake, na watoto wa Njuki atawalea hadi mwisho. Lakini mke amempata, anaitwa Karwirwa, wa Kanyakine, ana watoto wawili, na ndiye anayemtaka. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Ednah yuko hapo?" mama akauliza.

"Niko, mama," Ednah akasema. "Nilikuambia mapema. Leo na yeye amekuambia."

"Na huyo mwanamke?"

Karwirwa akaichukua simu. Akasalimia kwa heshima, kwa Kiswahili, lugha waliyokuwa nayo wote wawili.

"Mimi sijakukubali," mama akasema.

"Hata mimi bado sijamkubali, mama. Nilikuwa nasubiri nimsikie."

"Wajukuu wangu wataenda wapi?"

"Hawaendi popote. Ednah na watoto wana nyumba yao Embu. Munyi ndiye atakayekuwa akipanda na kushuka, siku zake huko na siku zake huku."

"Na hilo umeliona, ukalikubali? Wanawake husema hivyo mwanzoni."

Karwirwa alimtazama Munyi aliyesimama juani na koti lake, na Ednah kwenye kiti chenye mgongo, akajua kwamba kuna Jumapili ambazo atakaa peke yake, na kwamba siku nyingine moyo utamwambia atazame viatu mlangoni. Hakutaka kumdanganya huyu mama.

"Nimeliona, mama. Nikilishindwa, nitakuambia wewe kwanza kabla sijamwambia yeye."

Mama mzee alicheka, kicheko kifupi kama kikohozi. Akasema atakuja kuwaona mahindi yakishavunwa, na kwamba mwanawe apewe chakula. Simu ikakatika.

Karwirwa alimrudishia Munyi simu yake. Akamvua koti, akalitundika kwenye tawi la parachichi juu ya mbwa, akamwekea kigoda kando ya moto.

"Keti ule," akamwambia. "Ukimaliza tutaenda kwa baba yangu, umwambie na yeye."